Intakula Kubwa kwa Gari la Tabo: Nimeijaribu Raundi Sita Mfululizo

Habari zenu, karibuni. Mezani leo nina hii: intakula, yaani kipoza cha hewa iliyobanwa na tabo kabla haijaingia kwenye injini. Ni ya kufunga mbele, nyuma ya bampa, kwa injini ya lita 2 yenye tabo, ile feni inayozungushwa na moshi wa injini ili kuibania hewa. Nimekimbia nayo uwanjani siku mbili, na kabla ya hapo nilikimbia siku mbili na ile ya kiwandani. Ninachowaambia nimekisoma kwenye geji.

Kwanza tuelewane. Ukitaja kutyuni tabo, yaani kuirekebisha injini itoe nguvu zaidi, wengi wanawaza kuongeza presha. Barabarani unakanyaga sekunde tano, unaachia. Uwanjani unakanyaga dakika ishirini, na kinachokumaliza huko ni joto. Hewa ya nyuzi 25 ikibanwa na tabo kwa presha ya baa 1 hutoka ikiwa na nyuzi 120 hivi. Hewa ya moto ni nyepesi, oksijeni yake haba. Tena inafanya mchanganyiko wa petroli na hewa ulipuke wenyewe kabla moto wa plagi haujaufikia, na hapo ndipo injini inapogonga. Sensa ikisikia inagonga, kompyuta inachelewesha moto wa plagi ili kuokoa pistoni. Wewe unashangaa tu: gari lililokuwa linaruka raundi ya kwanza, ya nne limekuwa zito.

Langu lilikuwa hivyo hivyo. Kwa intakula ya kiwandani, hewa inayoingia kwenye injini ilianza nyuzi 38, raundi ya nne ikafika 71. Kwa hii, jua likiwa kali vile vile, raundi ya sita nimesoma 46. Raundi ya kwanza sikuona nguvu yoyote ya ziada, nawaambia wazi. Ila nguvu niliyoanza nayo ndiyo niliyomaliza nayo, na mimi hiyo naithamini kuliko nguvu za farasi ishirini za kwenye karatasi ya daino, ile mashine ya kupimia nguvu ya gari.

Sasa sogeeni, tazameni huku pembeni. Weldingi ya tanki, yale masanduku ya ubavuni ambamo hewa inaingilia na kutokea, imenyooka, nimepitisha kidole ndani na sijakuta donge la kuzuia hewa. Mapezi yamebanwa vizuri, hayapindi ovyo. Lakini angalieni mdomo wa paipu. Laini kabisa! Hauna ukingo ulioinuka wa kushika mpira unaounganisha paipu. Siku ya kwanza, raundi ya pili, nikasikia pwaa, gari likaisha nguvu, moshi mweusi nyuma. Mpira ulikuwa umechomoka. Klipu za skrubu zilizokuja kwenye boksi hazihimili presha hii. Nimeinua ukingo kwa weldingi, nikafunga klipu za bolti, na hadi leo umetulia. Kwa kitu kinachouzwa kwa ajili ya uwanjani, kasoro hii imeniudhi kweli.

Pima pia presha kabla na baada ya intakula. Mimi napoteza baa 0.08, si mbaya. Ikipotea nyingi, tabo inalazimika kuzunguka zaidi kufikisha presha ile ile, nayo inazidi kuchemsha hewa uliyotaka kuipoza. Ndiyo maana kubwa kupita kiasi si dawa. Jambo lingine, hii inaziba rejeta. Maji yangu yalipanda kutoka nyuzi 92 hadi 99. Nikaziba kwa bamba nafasi zote za pembeni ili upepo usipite kando, yakarudi 94. Usiruke kazi hiyo.

Ukishafunga, mpelekee fundi wa kompyuta gari likiwa limeshapata joto la kazi. Injini ikityuniwa asubuhi, baridi, feni kubwa ikiipuliza, ramani yake, yaani mpangilio wa mafuta na moto wa plagi ndani ya kompyuta, itaonekana safi, halafu uwanjani itagonga. Mimi nilimwomba fundi alikanyage gari hadi mwisho mara tano mfululizo bila kupumzika, akiisikiliza injini kwa vifaa vya masikioni. Petroli inaungua sawasawa kwa uwiano wa 14.7 kwa 1, yaani uzito wa hewa kwa uzito wa petroli. Chini ya presha tumeiacha kwenye 11.7, yaani mafuta mengi kidogo, yasaidie kupoza. Moto wa plagi tumeurudisha nyuma digrii mbili kutoka pale alipokuwa ameridhika. Presha hatujaigusa.

Basi ndiyo hiyo, inabaki kwenye gari langu. Ukiinunua, weka kando hela ya klipu na ya weldingi. Kama gari lako halikanyagwi zaidi ya raundi mbili kwa mkupuo, baki na ya kiwandani, inajaa presha haraka zaidi.