Tathmini ya Mashine ya Kupigia Makasia ya Concept2 RowErg

Kwa miezi minane nimekuwa nikiitumia mashine ya Concept2 RowErg katika ukumbi wa mazoezi jijini Nairobi, na tathmini hii naiandika nikiwafikiria vijana wanaotamani kupiga makasia kimataifa. Mita 2,000, ambazo ndizo umbali wa mbio za Olimpiki, hupigwa pia juu ya mashine hii, na muda anaoupata mchezaji hapo huwa miongoni mwa vitu vya kwanza anavyoulizwa na makocha.

Ubora wake mkubwa ni uaminifu wa vipimo. Ukinzani hutokana na feni inayosukuma hewa, kwa hiyo kadiri unavyovuta kwa nguvu ndivyo inavyokuwa nzito; kompyuta yake ndogo nayo hupima jinsi gurudumu la feni linavyopungua mwendo baina ya mvuto na mvuto, kisha hurekebisha hesabu. Ndiyo maana wepesi wa hewa ya Nairobi hauipotoshi ikilinganishwa na ya Mombasa, ingawa mapafu yako yatautambua mapema. Wenzo wa pembeni, unaodhibiti kiasi cha hewa inayoingia kwenye feni, una namba 1 hadi 10, na wageni wengi huupeleka moja kwa moja kwenye 10, jambo ninalowasihi waliache, kwani 3 hadi 5 zinatosha na mgongo utasalimika. Mnyororo hutiwa mafuta kila baada ya saa 50 za matumizi.

Hata hivyo, mashine haiyumbi kama mtumbwi. Rob Waddell wa New Zealand, bingwa wa Olimpiki wa mtumbwi wa mtu mmoja mwaka 2000, alirudi mchezoni baada ya miaka ya mashindano ya mashua za matanga, na mwaka 2008 akamaliza mita 2,000 za mashine kwa dakika 5 na sekunde 36.6, rekodi ya dunia iliyodumu hadi 2018. Pamoja na nguvu hizo zote, aliyechaguliwa kushindana katika mtumbwi wa mtu mmoja kwenye Olimpiki ya Beijing mwaka huo ni Mahe Drysdale, mwenzake wa New Zealand. Waddell alishindana katika mtumbwi wa wawili na Nathan Cohen, wakawa wa nne.

Kwa klabu inayoanza naipendekeza bila kusita, mradi ratiba ya juma iwe na siku za majini, maana kuusawazisha mtumbwi na kuingiza kasia kwa wakati wake havifunzwi juu ya sakafu ya saruji.