Mwongozo wa kusomea Trifles: mgogoro safi, taashira hapana

Nimemaliza huu mwongozo wa Trifles ya Susan Glaspell, tamthilia ya tendo moja ya 1916, nimeupitia mara mbili mchezo wenyewe ukiwa pembeni. Kwenye mgogoro wamefanya kazi jamani. Hawakuishia kwenye yale ya mtu na mtu, mtu na jamii, wamekuonyesha kwamba Bwana Wright ameshauawa kabla mchezo haujaanza na Minnie mkewe, anayeshukiwa kumuua, hatokei jukwaani hata mara moja, yani wenye ugomvi wao wote wawili hawapo, sasa unachokiona kwa macho ni wanaume wanapanda juu kutafuta ushahidi na wanawake wawili wamebaki jikoni, halafu ndani ya Bi Peters kuna vita nyingine, yeye ni mke wa sherifu, mkuu wa polisi wa pale, asimame na sheria au na mwanamke mwenzie? Wameeleza pia kwamba Glaspell alikuwa mwandishi wa gazeti huko Iowa, Marekani, na aliripoti kesi ya mke aliyeshtakiwa kumuua mumewe kwa shoka, enzi ambazo mwanamke wa pale haruhusiwi hata kukaa kwenye juri, lile jopo la raia linaloamua kesi. Ukishajua hilo, lile jiko unalisoma kama mahakama.

Shida ni taashira, yaani vitu vinavyobeba maana nyingine. Wameweka jedwali, ndege ni Minnie, tundu ni ndoa, basi. Mwanafunzi atakariri hilo na mchezo hataufungua tena, na hii inaniuma kweli. Mbona hawajasimama kwenye ule mshono? Blanketi la viraka limeshonwa vizuri, limenyooka, halafu kipande kimoja mshono umeenda ovyo ovyo, na Bi Hale, yule jirani aliyebaki jikoni na Bi Peters, anafanya nini, anaufumua anaushona upya wanaume wakiwa wameenda nje bandani! Pale ishara na mgogoro vimekuwa kitu kimoja, ule mshono mbaya ndio ushahidi wanaouhangaikia wanaume na yeye anaufuta kwa sindano. Mwongozo umepapitia kwa mstari mmoja tu. Na bawaba ya mlango wa tundu iliyong'oka hawajaigusa kabisa, wakati ndiyo inayokuandaa kumkuta ndege kavunjwa shingo, kazungushiwa hariri ndani ya kiboksi.

Mi ningesema nunueni kwa ajili ya sura ya mgogoro, lile jedwali lirukeni. Ila mchezo usomeni kwanza, mfupi, unaisha kikao kimoja.