Kamera inayojipoza na darubini ndogo: msimu wangu wa kwanza na Nebula ya Jabari

Kabla ya kamera hii nilikuwa napiga Nebula ya Jabari, wingu la gesi na vumbi angani, ile M42 iliyo jirani na nyota tatu zilizojipanga mstari, kwa kamera ya kawaida ya kubadilisha lenzi. Wingu lilionekana, ila wekundu wake ulikuwa umepauka, na kila nilipojaribu kuzitoa kingo zake gizani, picha ilijaa chenga kama televisheni iliyopoteza antena. Nikaweka akiba, nikanunua kamera ya anga inayojipoza. Nimeitumia msimu mzima na nimeridhika nayo, ingawa kilichoniridhisha sicho nilichokifuata.

Nilifuata baridi. Sensa yake, kile kipande kinachopokea mwanga, ni IMX533 ya Sony, ya mraba, pikseli 3008 kwa 3008. Nyuma yake kuna kipozeo cha umeme na feni, vinavyoweza kuishusha nyuzi 35 hivi chini ya joto la hewa. Sensa yenye joto huzalisha elektroni hata pasipo mwanga wowote, nazo huhesabiwa pamoja na zile zilizotokana na nyota. Joto likishuka nyuzi sita au saba, elektroni hizo za uongo hupungua kwa nusu hivi. Hesabu hiyo ilinitia tamaa. Usiku wa kwanza hewa ilikuwa nyuzi 24, nikaiagiza kamera ifike −10. Ilifika, lakini kipozeo kilikuwa kinakaribia mwisho wa nguvu zake, na betri yangu ya volti 12 iliisha mapema kuliko nilivyopanga.

Usiku wa pili nikaiweka 0. Kesho yake nikachukua picha mbili za giza, zile zinazopigwa kifuniko kikiwa kimefungwa, moja ya −10 na nyingine ya 0, kila moja dakika mbili. Nikazikuza mpaka pikseli zikawa kama matofali. Kwa sensa hii tofauti ilikuwa ndogo kiasi kwamba nilihangaika kuipata. Tangu hapo sijatoka kwenye 0.

Kinachonisaidia kweli ni kwamba joto likishafika hapo linatulia. Picha za giza hutolewa kwenye picha za nyota ili kufuta madoa ya sensa, na ni lazima zipigwe kwa joto lilelile na muda uleule. Na kamera ya zamani nilizipiga upya kila usiku, nusu saa ya anga safi ikipotea huku darubini imefunikwa. Sasa nilipiga 50 siku moja ya mawingu, nikazihifadhi, na ndizo nilizotumia msimu wote. Anayejua anga safi inavyopatikana kwa shida ataelewa kwa nini hili nalithamini kuliko namba ya nyuzi iliyoandikwa kwenye boksi.

Wekundu ni habari nyingine kabisa. Hidrojeni ya nebula hung'aa kwenye nanomita 656.3, na kamera za kawaida zina kioo mbele ya sensa kinachozuia sehemu kubwa ya mwanga huo ili rangi za mchana zitoke sawasawa. Kamera ya anga haina kioo hicho. Mtu akikuonyesha picha mbili, ya kabla na ya baada, akakwambia wekundu umeletwa na baridi, mwulize kwanza habari za kioo. Yangu huruhusu hata infraredi, mwanga usioonekana kwa macho, ipite, kwa hiyo nimeweka kichujio cha kuizuia. Bila hicho nyota zilikuwa zinavimba.

Darubini ni ya lenzi, kipenyo milimita 61, urefu wa fokasi milimita 360. Watu huidharau kwa udogo wake. Kwa kazi hii mimi siibadilishi. Ikiungana na sensa hii inaona eneo la nyuzi 1.8 za pembe kila upande, zaidi ya miezi mitatu mipevu ikipangwa sambamba. M42 yenyewe ina upana wa nyuzi moja hivi, hivyo inaingia yote, na ile nebula ya bluu ya jirani, NGC 1977, nayo inapata nafasi. Tena ni nyepesi, kwa hiyo kitako chenye mota kinachoizungusha kufuata nyota hakielemewi. Kama una fedha ya kitu kimoja tu, nunua kitako kizuri kwanza. Kamera itasubiri.

Fokasi naitafuta kwa kifuniko cha Bahtinov, kile chenye mipasuo, darubini ikielekea nyota angavu ya Rijili. Nyota inachora msalaba uliolala na mstari mmoja unaopita katikati. Mstari ukiegemea upande, fokasi bado. Nazungusha gurudumu dogo kwa ncha ya kidole, nasubiri picha itulie, nazungusha tena, mpaka mstari ukae katikati kabisa. Hewa inavyozidi kupoa bomba husinyaa na fokasi huhama, kwa hiyo narudia kila baada ya saa moja.

Lawama yangu ni moja. Mwezi wa tatu, katikati ya kila picha palitokea doa la kijivu lenye kingo za mikwaruzo. Nilidhani ni umande kwenye lenzi, nikaipasha joto bila mafanikio. Kumbe ilikuwa barafu kwenye kioo kinachofunika sensa, ndani ya kamera, kwa sababu vidonge vya kunyonya unyevu vilikuwa vimeshalowa. Maelekezo yaliyokuja nayo hayakunieleza jinsi ya kuvikausha, na usiku wote ule ukapotea. Siku hizi navikausha mapema, na naishusha joto polepole kwa dakika kumi badala ya ghafla.

Kuna jambo moja ambalo baridi hailigusi kabisa, nalo ndilo gumu kuliko yote kwenye nebula angavu: kiini chake. Mle ndani kuna nyota nne changa zilizobanana, Trapezium, na mng'ao wao huunguza katikati ya picha wakati mbawa za nje bado hazijaanza kuonekana. Mwaka 1880 Henry Draper alipoipiga picha nebula hii kwa mara ya kwanza, aliacha sahani moja ipokee mwanga kwa dakika 51. Mimi nina ruhusa ya kugawanya. Nilipiga picha 60 za dakika mbili kwa ajili ya mbawa, kisha 30 za sekunde kumi na 30 za sekunde mbili kwa ajili ya kiini. Kuzirundika zile 60 ziwe picha moja kulipunguza chenga karibu mara nane, na hapo ndipo vumbi la kahawia la pembeni, ambalo sikuwahi kuliona, likajitokeza.

Kisha nikaziweka zile za sekunde mbili juu ya doa jeupe lililoungua, nikafuta taratibu kwa brashi laini. Nyota zikatokea moja moja, zote nne, zimetengana, kutoka umbali wa miaka ya nuru 1,350 hivi, kupitia lenzi inayoenea kwenye kiganja changu.