Wikendi ya skii za nyika Gatineau Park: nyota nne, ya tano nimeizuia

Mwandishi ni Mkenya wa Nakuru, mkaazi wa Ottawa wa miaka mingi, na si mwanamichezo. Kikundi chetu kilikuwa na Wakenya wenzangu, familia moja ya Warundi wanaokaa ng'ambo ya mto upande wa Quebec, na mzee mmoja wa Bukavu aliyestaafu ambaye tangu mwanzo alitangaza kwamba yeye amekuja kuota moto. Kumbe ndiye aliyeielewa hifadhi hii kuliko sisi sote.

Hifadhi ya Gatineau iko kaskazini mwa Ottawa, kilomita za mraba 361 za misitu na maziwa, chini ya Tume ya Mji Mkuu wa Taifa. Wenyewe huiita milima. Mtu wa Kericho ataita vilima, ila angoje kwanza avipande akiwa amefungiwa mbao miguuni. Njia za skii zinafika karibu kilomita 200, nyingine zikiwa barabara za lami ambazo wakati wa baridi hufungiwa magari na kuachiwa theluji. Mashine hupita kuisawazisha na kuchonga mifereji miwili ya kuongoza miguu. Ukiwahi asubuhi, kabla ya umati, mifereji ile ni safi na mguu unakwenda wenyewe.

Kwa wasiojua: hii si ile ya kwenye televisheni ya kupandishwa kileleni kwa lifti kisha mtu anaporomoka. Skii za nyika ni mwendo wa mguu. Kiatu kinabanwa kwenye ncha tu, kisigino kinanyanyuka, unasukuma kwa mguu huu na kuteleza kwa ule, mikono inasaidia kwa fimbo. Ndiyo iliyompeleka Philip Boit, Mkenya mwenzetu, kwenye Olimpiki ya baridi ya Nagano, Japani, mwaka 1998, katika mbio za kilomita 10. Alimaliza wa mwisho, na mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway, alimngojea mstarini amkumbatie. Mzee wa Bukavu hakuwa ameisikia hadithi hiyo. Tulipomwambia kwamba Boit alimpa mwanawe jina Dæhlie, akasema basi na yeye tusimharakishe.

Sasa kilichonifurahisha hasa: vibanda vya mchana. Vimetawanyika msituni kote, kila kimoja kina meza, mabenchi na jiko la kuni, na kuni zipo. Pasi ya siku ya skii ndiyo inayokufungulia yote hayo. Kikundi cha watu wa nguvu tofauti kinaweza kuharibiana wikendi kirahisi: wenye mbio wanasimama kungoja huku jasho linawagandia mgongoni, na wa nyuma wanajisukuma kwa aibu hadi waanguke. Huku hakuna haja ya kufuatana. Sisi tulikubaliana kibanda cha kukutania na saa ya chakula, halafu kila mtu akashika njia ya kiwango chake. Njia zina namba na alama: duara la kijani kwa rahisi, mraba wa buluu kwa wastani, almasi nyeusi kwa wanaojiamini. Vijana walikwenda hadi Western, kibanda kilicho ukingoni kinachotazama bonde la mto Ottawa, sisi wengine tukaishia kibanda cha Huron, tulikokubaliana kukutana. Mzee tulimkuta ameshika nafasi karibu na jiko, maharagwe yanachemka, chapati zimefungwa kwenye foili juu ya bati, na familia moja ya Wakanada inauliza hicho kinachonukia ni nini. Walionjeshwa, bila shaka.

Lawama yangu ya kwanza si kwa hifadhi, ni kwa duka la mjini lililotukodisha vifaa. Walitupimia viatu vizuri, lakini uzito hawakumwuliza mtu. Sasa skii ya mtindo wa kawaida imepinda kidogo katikati, kama upinde. Sehemu ile ya katikati ndiyo inayoshika theluji unapoikandamiza. Shemeji yangu ni mwembamba, wakampa skii ngumu ya mtu mnene. Kila mwinuko alikuwa akirudi kinyumenyume huku anaita Mungu kwa Kirundi. Kwa hiyo usitoke dukani bila kupima hivi: simama juu ya skii zote mbili sakafuni, mwenzako apitishe karatasi chini ya unyayo wako. Ipite. Kisha hamishia uzito wote kwenye mguu mmoja; karatasi ibanwe. Isipobanwa, rudisha. Skii nyingine hupakwa nta chini ili zishike theluji; kama hamna fundi wa nta katika kikundi, ombeni zile zenye magamba au manyoya chini, maana nta inataka kubadilishwa kila joto la hewa linapobadilika na hakuna aliyekuja kusomea hayo.

Nguo sitasema mengi. Sufu au za kitambaa cha michezo, pamba hapana, kwa sababu ikishalowa jasho haikauki na baridi inaingia. Kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, anza safari ukihisi baridi kidogo. Baada ya mlima wa kwanza utashukuru.

Usiku tulilala kwenye yurti, yaani hema kubwa la duara, upande wa ziwa Lac Philippe humo hifadhini, na hapa ndipo nyota ya tano ilipopotelea. Ndani hakuna neno: vitanda vya ghorofa, jiko la kuni, joto la kutosha kuvua sweta. Lakini gari linabaki kwenye maegesho na ninyi mnaingia kwa skii au kwa miguu, mizigo juu yenu. Mama wa watoto wawili alikuwa na chakula, blanketi, maji ya kunywa, vyote kwenye sleji ya kuvuta juu ya theluji; mteremko ukifika, sleji inakusukuma badala yake. Maji ya bomba hayapo. Choo kiko nje. Yeyote aliyetoka saa tisa usiku na tochi kichwani, theluji inalia chini ya viatu, atanielewa.

Kwa familia zenye watoto wadogo ningesema lipieni pasi za siku, mshinde vibandani na mlale nyumbani. Yurti waachieni vijana na wapenzi wapya. Mkizitaka bado, wekeni nafasi mapema sana, maana za wikendi huisha haraka, na mbwa mwacheni kwa jirani, hawaruhusiwi kwenye njia za skii. Sisi tumeomba nafasi ya Machi, siku zikiwa ndefu zaidi. Mzee ameulizia tu kama lile jiko litakuwepo.