Vifaa vya mpira wa meza kwa wachezaji wenye uwezo tofauti: kipi kianze, kipi kisubiri

Ukitaka kuwanunulia vifaa kundi la watu wasiolingana, yaani kijana wa kiti cha magurudumu, mzee ambaye mkono wake unatetemeka, mtoto wa miaka saba, na wawili watatu wanaoujua mchezo barabara, utajikuta umesimama mbele ya raketi. Ndizo zinazong'aa na ndizo wauzaji wanazozisifia. Ushauri wangu ni kwamba raketi isubiri kidogo.

Meza ya kawaida ina urefu wa mita 2.74 tu, kwa hiyo mpira hauchukui muda kufika upande wa pili. Wengi wanaoshindwa mchezo huu hawashindwi na nguvu. Wanashindwa na muda: jicho limeuona mpira, mkono haujafika. Basi vifaa nimevipanga kwa maswali mawili: kwa kila senti utakayotoa, kifaa hiki kinampa mchezaji muda kiasi gani au kinamsogeza karibu na mpira kwa kiasi gani? Na je, wengine wataendelea kucheza naye kwenye meza hiyohiyo? Kifaa kinachomtenga mtu pembeni na mchezo wake wa peke yake kinashuka daraja, hata kiwe kizuri namna gani.

1. Mpira mkubwa

Mpira wa mashindano una kipenyo cha milimita 40 na uzito wa gramu 2.7. Upo mwingine wa milimita 44, mwepesi zaidi, ambao Japani wameujengea mchezo mzima wenye mashindano yake. Wao huutumia pamoja na wavu ulioinuliwa hadi sentimita 17.25 badala ya 15.25, na wazee wanaupenda sana. Mpira ukiwa mkubwa na mwepesi, hewa inaushika, kasi inapungua, na haukubali kuzungushwa kirahisi. Sababu hiyohiyo ndiyo iliyoutoa mchezo wa kawaida kwenye milimita 38 na kuupeleka 40 mwaka 2000.

Hilo la kuzunguka ndilo wanunuzi wengi hulisahau. Kwa mtu asiyeweza kusogeza miguu, mpira wa kasi unaonyooka una nafuu. Mgumu ni ule unaotua mbele yake kisha unakwepa pembeni, kwa sababu mwenye miguu angepiga hatua moja akaufikia, na yeye hawezi. Ukipunguza mzunguko umemwondolea adui wake mkubwa kuliko ukipunguza kasi peke yake. Wale hodari nao hawaharibikiwi kitu: watalalamika mchezo mmoja, kisha watagundua kwamba sasa pointi inadumu na inabidi wafikirie.

Kuna mipira mikubwa kupita huo, ya milimita 55 hivi, inayouzwa kwa ajili ya watoto na mazoezi. Inamfaa mtoto anayeanza na mtu mwenye uoni hafifu, ila mingine inadunda kivivu mno. Nunua miwili uijaribu kabla ya kubeba boksi. Namna ya kuupima mpira wowote ni rahisi: uzungushe mezani kama pia. Ukitulia kwenye mhimili wake, uko sawa. Ukiyumba na kutangatanga, umepinda, na mpira uliopinda humwonea zaidi mchezaji dhaifu, kwani hana muda wa kusahihisha.

Rangi ni nyeupe au ya machungwa. Chagua inayoachana na rangi ya meza na ya ukuta wa nyuma, na uwaambie wachezaji wasivae fulana ya rangi ya mpira. Sheria za mashindano zinalidai hilo kwa kila mtu, na kwa mwenye uoni hafifu ndiyo tofauti ya kucheza na kubahatisha.

2. Kiokotea mipira

Najua, hakuna anayeingia dukani kutafuta kitu hiki. Ni bomba lenye nyuzi za mpira mdomoni, au kineti kwenye fimbo ndefu. Unalisukuma bomba juu ya mpira, nao unaingia ndani bila wewe kuinama. Bei yake ni ndogo, na mtu wa kiti, mwenye mgongo mbovu au mama mjamzito anacheza bila kuombaomba msaada kila baada ya pointi. Kinunue pamoja na mipira mingi, dazeni mbili kwa meza moja ikiwezekana, mchezo usisimame kila mpira mmoja unapokimbilia chini ya kabati.

3. Raketi ya polepole, na mpini unaoshikika

Sasa raketi. Zile zilizokwisha kuunganishwa huuzwa na nyota kwenye pakiti, tatu, nne, tano. Nyota hizo kila kiwanda hujipangia. Hakuna kipimo cha pamoja, na mara nyingi nyota nyingi maana yake ni kasi nyingi, jambo usilolitaka hapa. Angalia vitu hivi badala yake.

Ubao uwe wa mbao tupu, tabaka tano, bila kaboni. Kaboni huongeza kasi na kukusamehe kidogo tu. Sponji iliyo chini ya raba, yaani ngozi ya mpira inayofunika ubao, iwe nyembamba, milimita 1.5 au pungufu. Sponji nene hurusha mpira kama manati, na aliyechelewa kidogo ataona mpira unaruka nje ya meza bila kujua kosa lake liko wapi. Raba zenye vinundu vifupi vilivyotazama nje hazishikwi sana na mzunguko wa mpinzani, kwa hiyo zinamfaa anayeanza au anayecheza akiwa ameketi. Raba za vinundu virefu ni habari nyingine. Wachezaji wengi wazoefu wa viti wanazitegemea, kwa kuwa zinamrudishia mpinzani mzunguko wake mwenyewe ukiwa umegeuzwa, lakini zinadai mazoezi. Usimwanzishie mtu nazo.

Uzito una mtego wake. Raketi nyingi kamili ziko kati ya gramu 150 na 190. Kwa mtoto au mwenye misuli dhaifu ya bega, tafuta iliyo karibu na 150. Kwa mtu mwenye mtetemeko, usikimbilie nyepesi bila kujaribu: wapo wanaojisikia imara zaidi wakishika kitu chenye uzito kidogo. Mpe zote mbili, mwache apige mipira ishirini ishirini, kisha muulize. Mchezo huu una mashabiki wengi miongoni mwa wenye ugonjwa wa Parkinson, ule unaotetemesha mwili, na tangu mwaka 2019 wana mashindano yao ya dunia, ya kwanza yakiwa New York. Kwa hiyo usimnunulie mtu wa namna hiyo raketi ya kitoto ukidhani ndiyo huruma.

Mpini uliopanuka mwishoni ndio chaguo la kwanza kwa mwenye mshiko hafifu, kwa sababu kiganja kikilegea ule mwisho mpana unaizuia raketi isichomoke. Ukiwa mwembamba mno, usinunue raketi mpya. Uzungushie utepe wa mpini wa raketi ya tenisi, ule wa kunyonya jasho, tabaka mbili au tatu hadi vidole vikae vizuri bila kukaza. Kwa vidole visivyokunja kabisa, kipande cha bomba la sponji, lile la kufunikia mabomba ya maji moto, hupasuliwa na kuvishwa juu ya mpini. Sura yake haivutii. Kazi yake inaridhisha.

4. Kuufunga mkono kwenye raketi

Mchezaji asiyeweza kushika kabisa, kwa mfano aliyeumia uti wa mgongo shingoni, hufungwa raketi mkononi. Kuna glavu maalumu na mishipi ya kunasa, na kuna bendeji ya kunyumbuka inayojishika yenyewe. Mimi naiweka bendeji mbele: ni rahisi, inafuata umbo la kila mkono, na wachezaji wa ngazi ya juu wanaitumia vilevile. Isiwe plasta ya gundi, maana huchubua ngozi.

Anza kwa kuvisha kiganja kitambaa chembamba au soksi iliyokatwa. Weka mpini mahali pake, kidole cha shahada kikilala nyuma ya ubao. Pitisha bendeji kati ya kidole gumba na cha shahada, izungushe mgongoni mwa kiganja, ikatize kwenye kifundo cha mkono, irudi. Mizunguko mitatu au minne inatosha. Kisha bonyeza ukucha, uachie: rangi isiporudi upesi umekaza mno, fungua uanze upya. Mchezaji asiyesikia maumivu mkononi hatakuambia kwamba damu imezuiwa, kwa hiyo rudia kuangalia baada ya kila mchezo.

Kabla hujaagiza kifaa maalumu, kumbuka pia kwamba mwili una ubunifu wake. Ibrahim Hamadtou wa Misri, asiye na mikono yote miwili, amecheza Paralimpiki akishika raketi kwa meno na kuurusha mpira kwa vidole vya mguu. Natalia Partyka wa Poland, aliyezaliwa bila kiganja na sehemu ya mkono wa kulia, huuweka mpira kwenye kiwiko cha mkono huo anapoanzisha, na mwaka 2008 huko Beijing alicheza Olimpiki na Paralimpiki. Muulize mchezaji kwanza anavyofanya mwenyewe. Huenda hakuna cha kununua.

5. Meza (lakini soma hadi mwisho)

Kama meza unayo na kundi halina mtu wa kiti cha magurudumu, nafasi ya tano inaistahili. Kama yupo, meza inaruka hadi namba moja, kwa sababu nyingine hazimruhusu hata kusogea.

Usiangalie juu, inama uangalie chini. Sheria za mashindano ya viti zinataka miguu ya meza iwe ndani angalau sentimita 40 kutoka ukingo wa mwisho, na hicho ndicho kipimo cha kwenda nacho dukani hata kama hutashindana kamwe. Meza nyingi za kukunja zina fremu ya magurudumu yenye chuma kinachopita chini kwa chini, na hapo ndipo sehemu ya kuwekea miguu ya kiti hugota. Mwombe mchezaji mwenyewe asogee na kiti chake hadi tumbo likaribie ukingo. Magoti yasiguse utepe wa chuma uliozunguka meza kwa chini. Kama mchezaji hayupo, chukua futi. Muuzaji akikwambia "inafaa viti" bila kukuonyesha, hajapima.

Halafu ubao wenyewe. Dondosha mpira wa kawaida wa mashindano kutoka sentimita 30. Unapaswa kuruka hadi sentimita 23 hivi, na muhimu zaidi, uruke sawa katikati, pembeni na karibu na wavu. Unene wa milimita 22 au 25 unaleta hali hiyo. Za milimita 16 au chini yake kwa kawaida hudunda hovyo. Meza ya ndani isiachwe nje, unyevu utaivimbisha.

Ile inayokunjika nusu moja ikasimama wima ni faida ya bure: mtu anajizoeza peke yake, na mpira unamrudia.

Kwa wanaolenga mashindano, zipo kanuni za kiti pia: mito ya kukalia isizidi kimo cha sentimita 15 kwa jumla, na mpira wa kumwanzishia mchezaji wa kiti utokee ukingo wa mwisho. Ukitokea pembeni, unarudiwa. Sheria hii ya mwisho ichukueni hata nyumbani, haigharimu kitu. Madaraja ya wachezaji wenye ulemavu ni kumi na moja: 1 hadi 5 ni wa viti, 6 hadi 10 wanaosimama, na 11 ni wenye ulemavu wa akili.

6. Mbao za pembeni

Kwa mchezaji ambaye hata mpira mkubwa unaomdundia ni mgumu, ondoa wavu, simamisha mbao nyembamba za kimo cha sentimita 10 hivi kwenye kingo mbili ndefu za meza, na tumia mpira mwepesi wa plastiki wenye matundu. Mpira unasukumwa ukiteleza juu ya meza, ukigonga mbao unarudi. Mchezo huu huitwa polybat na una raketi yake pana, ila ubao wowote bapa utaanza nao. Seremala anaweza kukutengenezea mbao hizo. Zina kasoro moja kwa kipimo changu, kwamba meza inaacha kuwa ya wengine kwa muda huo, na ndiyo maana ziko huku chini. Kwa anayezihitaji, hakuna mbadala.

Wasioona kabisa wana mchezo wao, showdown, wenye meza ya kuta na pembe za mviringo na mpira wenye vyuma vidogo ndani unaosikika. Hiyo ni meza tofauti kabisa. Usijaribu kuigeuza ya kwako.

7. Roboti ya kurusha mipira

Ni ghali, na wanaoinunua mapema ni wale wanaotaka kifaa kimoja kimalize matatizo yote. Roboti nzuri hurusha mpira mahali palepale kwa kasi ileile, jambo linalomsaidia mwenye ulemavu wa akili au anayefufua mkono baada ya kiharusi. Lakini mtu mwenye ndoo ya mipira, akirusha mmoja mmoja kwa mkono, anafanya kazi hiyohiyo na kupunguza kasi pale anapoona mwenzake amechoka. Ukiwa na fedha iliyobaki baada ya hayo mengine yote, chagua yenye kasi ya chini inayoweza kushushwa kweli, na neti ya kukusanyia mipira. Pia uulize mapema kama inakubali mpira wa milimita 44. Nyingi zimetengenezewa wa milimita 40, na mkubwa hukwama kooni mwa mashine.