Duka la muvi pale Zimma, na yule mzee wa Profesa Proton

Wacha nianze na bei ndio wale wa haraka waende zao. Season nzima 50 bob, muvi moja 20, flash unaleta yako ama unanunua hapo hapo. Duka iko Zimmerman, Nairobi, si mbali na steji, jina sitataja kwa sababu hii biashara ya kujaza flash kila mtu anaijua na kila mtu anajifanya haijui, wakisikika tu wale watu wa hakimiliki wameingia mtaa shata inashuka. Huduma ni sawa. Si ajabu, ni sawa. Jamaa anakopi haraka, flash haitoki hapo na virusi, na ukimwambia kitu unapenda anakumbuka siku ingine ukirudi.

Lakini mimi huenda hapo sababu ya benchi. Ameelekeza TV nje, chini yake kuna benchi ya mbao, na hiyo TV ni sitcom kutwa nzima, sasa watu wa boda wakingoja kastoma, mama mboga huku anakata sukuma, vijana wa chuo, wote wanajazana hapo na kubishana kama wabunge. Juzi ubishi ulikuwa kama Bob Newhart anachekesha kweli kwa The Big Bang Theory, ile sitcom ya Marekani ya wanasayansi, na vile ulikuwa moto nikaona si mbaya niandike.

Kama humjui, huyo Newhart ni mzee wa komedi wa Marekani, wa kitambo kweli. Alikuwa mhasibu Chicago kabla ya kuanza kuchekesha watu, na rekodi yake ya 1960 ikachukua Grammy ya albamu ya mwaka, komedi ikishinda hiyo tuzo kwa mara ya kwanza. Mtindo wake ulikuwa kushika simu na kuongea na mtu wewe humsikii, unasikia upande wake tu, halafu ananyamaza kidogo, na hapo akinyamaza ndio unavunjika mbavu. Baadaye akakuwa na sitcom zake mwenyewe, miaka ya 70 na ya 80. Chuck Lorre, mmoja wa waliotengeneza Big Bang, alimuomba miaka mingi aje kwa vipindi vyake, mzee akikataa tu, mwishowe akakubali lakini kwa sharti wamrekodi mbele ya watu wamekaa hapo live. Kwa hivyo wale mnasema kile kicheko kinasikika nyuma ni cha mashine, hapana, tulieni.

Episode yenyewe ni season ya 6, namba 22, ya Mei 2013. Anacheza Arthur Jeffries, zamani alikuwa Profesa Proton, anafundisha watoto sayansi kwa TV, na Sheldon na Leonard, wale wanasayansi wawili wanaishi pamoja, walikuwa wanamwangalia wakiwa wadogo. Saa hii kazi ziliisha, anaenda pati za watoto. Wanamlipa akuje kwao, lifti imekufa, mzee anapanda ngazi mpaka juu. Hapo benchi yote ilikufa kwa kicheko kabla hata hajafungua mdomo, kwa sababu ni nani Zimma hajawahi kupanda gorofa tano na mtungi wa gesi begani? Anafika mlangoni pumzi imeisha, anaangalia hiyo nyumba anatafuta watoto, watoto hakuna, ni watu wazima wawili wanamkodolea macho na meno nje. Hafanyi kitu. Anasimama tu na uso wa mtu amepanda matatu ya ruti ingine na ndio anagundua. Halafu anatoa ile saa inaendeshwa na viazi, na mwenye anashangaa kuliko wote ni Penny, jirani, na hiyo sura mzee anampa Penny, hiyo pekee yake mimi ningeilipia 50.

Sasa ubishi. Kijana mmoja wa boda akasema huyu mzee hana nguvu, anaongea kama simu iko na network mbaya, Sheldon ndio anabeba. Vijana wa chuo wakamuunga mkono. Fundi wa viatu wa hapo kando, mzee wa heshima zake, akawaambia nyinyi hamkuona Mzee Ojwang wa Vitimbi, ile komedi ya TV ya Kenya ya kitambo. Ojwang alikuwa anaweza kukaa kimya Mama Kayai, bibi yake kwa kipindi, akimfokea mpaka mwisho, na wewe kwako nyumbani ndio unaanza kucheka. Na alikuwa Mkikuyu, Benson Wanjau, anaongea kama Mjaluo mpaka watu wakaamini, Mungu amlaze pema. Huyu Newhart hakuhitaji hata hiyo, kile kigugumizi ni chake mwenyewe.

Mimi niko na fundi. Hiyo sitcom kawaida inakimbia, mzaha juu ya mzaha, hupati nafasi ya kumeza chai. Mzee ameingia, wote wamepunguza mwendo, hata Jim Parsons, mwenye anacheza Sheldon, ameanza kumsubiri, na ni huko kusubiri kunachekesha. Ile hadithi ingine ya mbwa wa Raj, rafiki yao, kupotea ningeikata yote nimpee mzee hizo dakika. Emmy, ile tuzo ya TV ya Marekani, yake ya kwanza maishani aliipata kwa hii kazi, 2013, akiwa na miaka 84, baada ya kuteuliwa na kukosa mara kadhaa huko nyuma.

Dada wa saluni alishikilia kwamba ile episode yake ya tatu ndio kali, ya 2014, Proton ameshakufa anamjia Sheldon kwa ndoto akiwa na kanzu ya Jedi, wale mashujaa wa muvi za Star Wars. Ni nzuri, sikatai, na tangu mzee mwenyewe afe Julai 2024 na miaka 94 ni ngumu kuiangalia ukiwa macho makavu. Lakini kama hujui Star Wars utaona tu babu amesimama kwa kinamasi.

Sasa kasoro. Jamaa alinipangia episode zake tatu za kwanza kwa folda moja, hapo asante, lakini ya pili, ile iko na Bill Nye, yule wa kufundisha watoto sayansi kwa TV kikweli, imekatika kabla ya mwisho na alisema ataitafuta na hajaitafuta. Mbaya zaidi ni sabtaito. Amechukua za toleo lingine, maandishi yanakuja mapema, unasoma mzaha mzee bado amenyamaza. Kwa komedian mwingine ungevumilia. Kwa huyu ni kama haujaona kitu. Ukienda mwambie azitoe kabisa kabla hajakukopia, hata-mind, na kama umebeba flash ya 4 GB usijisumbue, season haitoshei. Anafunga saa tatu usiku, Jumapili anafungua watu wakishatoka kanisa.