Huduma ya kutunza faili za kesi za zamani, Nyawera, Bukavu

Kwa yeyote anayefuatilia kesi ya zamani ya ndugu yake, naipendekeza huduma hii ya skani na utunzaji wa hati iliyopo Nyawera, ingawa si bila masharti. Vijana wake hupiga picha kila ukurasa pande zote mbili, hata bahasha yenye muhuri uliofifia wa parke (ofisi ya mwendesha mashtaka), na hawachomoi pini yenye kutu kabla ya kuandika mpangilio wa kurasa.

Uangalifu huo una uzito wake. Kumbukumbu ya shahidi hubadilika hata pasipo nia ya kudanganya: mwaka 1974 wanasaikolojia Elizabeth Loftus na John Palmer walionyesha kwamba kubadili neno moja tu katika swali kuliwafanya watazamaji wa filamu ya ajali wakadirie mwendo tofauti wa magari yale yale. Huko Marekani, Ronald Cotton alihukumiwa mwaka 1985 hasa kwa sababu mwathirika alimtambua kwa uhakika, naye akaachiwa huru mwaka 1995 baada ya kipimo cha DNA, kwa kuwa polisi walikuwa bado wametunza vielelezo. Vingepotea, neno la shahidi lingebaki peke yake. Ndiyo maana maelezo yaliyoandikwa siku zile zile nayathamini kuliko yanayotolewa baada ya miaka ishirini.

Lawama yangu ni kwamba risiti haitaji idadi ya kurasa zilizopokelewa, na kabati la nakala asilia liko karibu mno na dirisha linalopitisha mvua. Anayepeleka faili adai orodha iliyosainiwa kabla ya kuondoka.